Kalemie: Vijiti vya mihogo vya yaya na matumbawe ya mdogo wake

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kushika njia ya shamba, mama mmoja aliyekimbia vita anapita kwanza kwa kijana anayechaji simu za watu kando ya barabara, pembeni mwa mji wa Kalemie. Analipa franka zake, anawasha simu, anangoja ujumbe wa sauti uingie. Kule Marekani, katika jimbo la Kentucky, usiku umekwenda sana, na mdogo wake ametoka kazini. Wanaopita wanafikiri kwamba ndugu hawa wawili wanazungumza habari za dola na za karatasi za safari. Mara nyingi wanazungumza habari ya kukata.

Yaya anakata mihogo. Mdogo wake anakata matumbawe.

Neno tumbawe ni la watu wa pwani, na huku ziwani wengi hawalijui. Ziwa Tanganyika halina tumbawe hata moja, kwa sababu maji yake ni ya kunywa, na tumbawe linataka maji ya bahari, yenye chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita. Ukiliona mara ya kwanza utasema ni jiwe lililoota matawi, ama ni ua. Kumbe ni mnyama. Kwa kweli ni wanyama wengi wadogo sana, kila mmoja ana kinywa chake na mikono yake myembamba, wameshikana na kujenga pamoja nyumba moja ya chokaa. Ndani ya miili yao unaishi mwani ambao jicho haliuoni. Mwani huo unapokea mwanga na kuwapa chakula. Ndiyo sababu tumbawe linapenda mwanga, kama vile mhogo unavyopenda jua.

Ndugu hawa walitengana mwaka 1998, vita vilipofika Kalemie. Mdogo alikuwa na miaka 8. Alivushwa ziwa kwa mtumbwi pamoja na shangazi yao mpaka Kigoma, akakulia katika kambi za Tanzania, ya mwisho ikiwa Nyarugusu. Yaya alikuwa na miaka 14. Alibaki na baba katika kijiji chao, kwenye barabara ya kwenda Nyunzu. Ilipita miaka 15 bila mmoja kujua kama mwenzake yuko hai. Mtu aliyevuka ziwa kwa biashara ya ndakala ndiye aliyeleta namba ya simu. Mwaka 2016 mdogo akapelekwa Marekani. Mwaka 2017 mapigano yakamtoa yaya kijijini, akalala miezi mingi katika kambi ya Katanika, chini ya nyasi na turubai. Baba alikuwa amekwisha kufariki.

Huko Kentucky kijana alipata kazi ya kufagia na kuosha vioo katika duka la samaki wa mapambo. Wiki ya kwanza alisimama mbele ya tangi moja, akashindwa kuendelea na kazi. Ndani yake walikuwa samaki wadogo wa mawe, wale ambao watoto wa Kalemie wanawafukuza kwa mikono kando ya maji, na kwenye karatasi ya bei kuliandikwa neno moja, Tanganyika. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanawafuga nyumbani, katika masanduku ya kioo.

Kijana alitamani kununua hao. Lakini mwenye duka alikuwa na tangi kuukuu la lita 200 lililorudishwa na mteja aliyehama, likiwa na taa yake, pampu yake na mtambo wa kupasha maji moto. Lilikuwa tangi la bahari. Akampa hilo, na vipande vitatu vya matumbawe juu yake. Kijana alitaka samaki wa kwao, akapewa bahari.

Alilitunza miaka 5. Alijifunza kuchanganya chumvi katika maji yaliyochujwa, kuweka joto kwenye nyuzi 25, kupima chokaa kila wiki, kwa sababu tumbawe linaila chokaa ile linapojenga. Vile vipande vitatu vilikua. Kimoja, cha jamii ya akropora, kilitoa matawi mpaka kikagusa uso wa maji na kutia kivuli tangi lote. Cha pili, cha jamii ya eufilia, chenye mikono mirefu ya kijani, kilikuwa kikirefusha mikono hiyo usiku na kumchoma jirani. Matumbawe yanachomana. Yakikosa nafasi yanapigana, na yule dhaifu anavuliwa ngozi mpaka mfupa mweupe unabaki. Katikati ya matawi ya akropora maji hayakuwa yakipita tena. Chini, mahali mwanga haukufika, palianza kuwa peupe.

Mwenye duka alimwambia akate. Kijana aliogopa. Mwezi mzima alikuwa anachukua kikataji, anakirudisha kwenye droo. Mwishowe alimtumia yaya picha ya video.

Yaya aliitazama mara tatu mbele ya yule kijana wa kuchaji simu. Kisha akarudisha ujumbe:

"Hii mihogo yako imepitisha wakati. Inakuwa kuni. Unangoja nini?"

"Yaya, si mmea. Ni mnyama."

"Mnyama hakatwi."

"Huyu anakatwa. Ukimkata vizuri, kila kipande kinakuwa yeye tena."

Kukawa kimya. Siku iliyofuata akajibu: "Kama kila kipande kinakuwa yeye tena, huyo ni mhogo. Kata."

Akamfundisha anavyofanya yeye. Kisu kiwe kikali na kisafi, kwa maana kijiti kilichopondwa kinaoza. Kata mara moja, usisuguesugue. Usichukue ncha ya juu, bado ni changa. Usichukue shina la chini kabisa, limekwisha kuwa ukuni. Chukua katikati, urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, wenye macho 5 hadi 7. Juu ya yote, tazama majani kwanza. Mhogo wenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano una ugonjwa wa mozaiki, na ukiukata unagawa ugonjwa shamba lote. "Kijiti kinarithi," alisema. "Mama akiwa mgonjwa, mtoto anazaliwa mgonjwa."

Mengi katika hayo yalifaa kwa tumbawe. Hata tumbawe halipondwi. Akropora inakatwa kwa koleo kali la chuma, la aina ile ambayo waganga wanaitumia kukata mifupa, na kishindo kinakuwa kimoja tu. Eufilia yenye shina inakatwa kwa msumeno mdogo, chini ya nyama, mahali pa mfupa mtupu, ili kinywa cha mnyama kisiguswe. Matumbawe laini, yasiyo na mfupa, yanakatwa kwa wembe. Kipande kikikatwa kinatoa ute, kama mhogo unavyotoa utomvu. Kinasuuzwa katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kinachovywa katika dawa yenye ayodini ili wadudu watoke, kisha kinabandikwa juu ya kisahani kidogo cha saruji kwa gundi ile inayoshika haraka, ambayo mafundi viatu wa sokoni wanaijua.

Mengine hayakufaa, na mdogo alimweleza yaya kwa furaha, maana si mara nyingi mtu anamfundisha yaya wake. Kwa akropora, ncha ndiyo inayokua mbio kuliko yote, haitupwi. Na kijiti cha mhogo ukikigeuza chini juu kinakusumbua, lakini tawi la tumbawe hata likilala ubavu linashika, mradi lisitikisike. Hilo ndilo alilokuja kuliona kuwa kubwa kuliko yote. Kipande kinachobingirika na maji hakiponi. Kila kinapoanza kushika, ngozi inachubuka tena. Kikitulia wiki chache mahali pamoja, nyama inateremka juu ya gundi, inafunika kisahani, na hapo ndipo tawi linaanza kupanda.

Kuna jamii moja ambayo mwenye duka alimkataza kuigusa mikono mitupu, zoantidi, vitu kama vifungo vya shati vya rangi nzuri. Baadhi yao wana sumu kali inayoitwa palitoksini. Anayezikata anavaa glovu na miwani, na hachemshi kamwe mawe yaliyoziota, kwa sababu mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitalini katika nchi mbalimbali. Yaya aliposikia hayo alisema tu kwamba hata mihogo michungu isipolowekwa inaua.

Mara ya kwanza kijana alikata vipande 9. Vinne vilikufa. Viwili alivibandika karibukaribu, vikachomana. Viwili aliviweka juu, chini ya taa kali, vikapauka kwa siku tatu. Alipomweleza yaya, yaya alicheka mpaka watu wakageuka. "Kwani kijiti kipya unakipanda saa sita ya mchana? Mimi navilaza kwanza kivulini siku chache." Mara ya pili aliviweka chini, penye mwanga mdogo na maji yanayopita polepole, akavipandisha juu wiki kwa wiki. Vikapona vyote. Na tumbawe mama, ambalo alidhani atalitia kilema, likafumua matawi mapya mahali palipokatwa. Pale chini palipokuwa peupe hapakurudi, lakini weupe haukuendelea mbele.

Yaya aliuliza swali ambalo kila mtu wa Kalemie angeliuliza: kazi hii inalisha nani?

Mdogo alimjibu kwa habari za pwani ya Kenya. Katika kisiwa cha Wasini, karibu na Shimoni, kwenye kijiji cha Mkwiro, shirika la REEFolution linafanya kazi hiyohiyo na wakazi, lakini baharini. Wanakata vipande vya matumbawe, wanavikuza kwanza katika bustani iliyo chini ya maji, vikikua wanavihamishia kwenye mwamba. Sababu ni joto. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe linaufukuza mwani wake, linabaki jeupe, na hali hiyo ikidumu linakufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto kama hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, Tanzania na visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imeingia tena katika upaukaji mkubwa, wa nne kurekodiwa. Samaki wa mwambao wanajificha na kuzaa ndani ya matumbawe, kama samaki wa ziwa wanavyozaa katikati ya mawe. Mwamba ukifa, mvuvi anaona kwenye nyavu.

"1998," yaya alisema. "Basi mwaka ule hata huko chini ya maji watu walikimbia."

Kisha likaja jambo la pesa. Kule Marekani wafugaji wa matumbawe wananunua vipande. Kipande chake kimoja cha akropora, kirefu kama kidole, kilifika dola 30. Alipotaja bei hiyo, ujumbe wa yaya ulichelewa siku mbili. Dola 30 ilikuwa zaidi ya alichohitaji ili mtoto wake wa pili asifukuzwe tena sekondari muhula ule. Na bado alikuwa anapanga chumba, na shamba alilolima halikuwa lake. Wenyeji wengi wanakodisha mashamba kwa waliokimbia vita, na mwenye shamba anaweza kulitaka kabla mihogo haijakomaa.

Kijana alisema atauza vyote, kila kipande, na kutuma. Mwenye duka na jirani mmoja walikuwa wameomba vipande vya bure ili kubadilishana; atawakatalia.

Jibu la yaya lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kutuma. Alimkumbusha baba. Shamba la baba lilikuwa na mihogo ya shina jekundu, mitamu, ambayo watoto waliila mibichi. Kila mwaka mvua zilipoanza, baba aliwapa vijiti watu waliopita barabarani, hata wasiowajua, na mama yao aligombana naye kwa ajili hiyo. Mwaka 2017 kijiji kilipochomwa, hakuna aliyebeba kijiti. Watu walibeba watoto. Yaya alipotoka Katanika na kupata kipande cha kwanza cha shamba, mama mmoja mwenyeji alimpa mzigo wa vijiti. Alipovifungua aliona shina jekundu. Alimuuliza amevitoa wapi. Yule mama akasema mume wake, marehemu, alivipewa zamani na mzee mmoja wa barabara ya Nyunzu, aliyekataa kulipwa.

"Ningali nakula mihogo ya baba," yaya alisema, "kwa sababu baba hakubaki nayo peke yake. Nahitaji hizo dola, sitakudanganya. Uza viwili, gawa kimoja."

Akafanya hivyo. Kwa mwaka mmoja na nusu pesa za vipande vilivyouzwa zilikodi shamba la yaya kwa misimu miwili, kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya chifu, na mtoto alimaliza mwaka wake wa shule. Vipande 11 viligawiwa bure: kwa mwenye duka, kwa muuguzi mmoja Mtanzania, kwa kijana wa shule aliyekuwa na tangi dogo kama ndoo, na kwa wengine.

Januari moja mvua ya barafu ikaangusha nyaya za umeme. Watu wa Kalemie wanajua kukatika kwa umeme, wanawasha taa ya sola na maisha yanaendelea. Lakini tangi la matumbawe bila umeme halina pumzi. Pampu inasimama, hewa inakwisha ndani ya maji, joto linashuka. Kijana alilizungushia mablanketi yote ya nyumba. Akatia kipampu cha betri, kikafanya kazi siku moja. Usiku alikaa akikoroga maji kwa kikombe. Siku ya nne umeme uliporudi, maji yalikuwa meupe kama maziwa na nyumba nzima ilinuka. Lile tumbawe mama la miaka karibu 7 lilibaki mfupa.

Ujumbe aliomtumia yaya ulikuwa wa sekunde 40, na ndani yake hakukuwa na neno. Ilisikika ndoo tu, na maji yakimwagwa.

Yaya hakumpa pole ya haraka. Alingoja jioni, akalipa tena kuchaji simu, akasema: "Hesabu vile 11 viko wapi."

Sita vilikuwa vimekufa katika barafu ileile, au zamani kwa uzembe wa waliovipokea. Wawili walikuwa wamehama mji. Lakini kwa mwenye duka, aliyekuwa na jenereta, akropora ilikuwa hai, kubwa kama ngumi. Kwa muuguzi, eufilia ilikuwa imeota vichwa vinne. Na yule kijana wa shule, ambaye mtaa wake haukukatika umeme, alikuja mwenyewe na mfuko wa plastiki ndani ya koti ili maji yasipoe, akaleta tawi la urefu wa kidole. Mwenye tangi alipomshukuru, mtoto akashangaa. Alisema tumbawe hilo ni lake mwenyewe, yeye alikuwa amemtunzia tu.

Mwezi huu akropora hiyo imeanza kufunika kisahani chake. Mdogo anatuma video kila Jumapili. Kwa macho ya yaya hakuna kilichobadilika toka wiki hadi wiki, lakini hamwambii hivyo.

Huku Kalemie mvua zimeanza, na yaya anavuna na kukata. Mlangoni wanakuja watu kuomba vijiti. Kati yao kuna familia zilizoteremka karibuni kutoka upande wa Fizi na Uvira, ambazo bado zinalala makanisani na kwa wenyeji. Hawana jembe, wengine hawajui watalima wapi. Anawapa hata hivyo, na anawaambia wavilaze kivulini, visikauke, mpaka shamba lipatikane. Vikitunzwa vizuri vinangoja wiki kadhaa. Kabla ya kufunga kila mzigo anaokota jani lenye mozaiki na kuwaonyesha: hili mkiliona, ng'oeni shina lote, choma moto, msionee huruma.

Mdogo alimuuliza kama anaandika majina ya wanaopewa.

"Niandike kwa nini? Baba aliandika?"

Halafu simu ikazimika, maana chaji ilikuwa imekwisha, na yaya akachukua panga lake na kushika njia ya shamba.